Posa ya Darajani

Hollerwisch, 29 Aprili 1957

Mdogo wangu Wiebke,

Keki ya siagi uliyotuma ilifika imevunjikavunjika, nikaila kwa kijiko na wala sikulalamika. Mwambie Otto nimeshukuru. Na tumbo lako linaendeleaje? Usinyanyue magunia ya unga, hata mumeo akisema ni mepesi. Yeye kila kitu anakiona chepesi kwa sababu wewe ndiye unayekibeba.

Huku watu wamepatwa na jambo, sijui ni nini. Ijumaa alipita Jasper Kröger na chombo chake, kimejaa makaa ya mawe ya kiwanda cha matofali. Upepo ulikuwa ule wa magharibi unaomnyang'anya mtu maneno mdomoni. Kazi yangu unaijua: mtaimbo nimeuchomeka tunduni, nimeinama, nazunguka nao kama punda wa kinu, na daraja linageuka taratibu mpaka lilale sambamba na mto. Yeye alikuwa kwenye usukani anasubiri, akapaza sauti kuuliza habari za maji ya kule juu, kama yatakubali kumbeba na mzigo ule wote. Nikasikia "...yatakubali?" Nikamjibu kwa nguvu zangu zote, "Yatakubali, ila usikawie!"

Basi mtu mzima yule akavua kofia, akairusha juu, ikatua majini, na wala hakuijali. Akapiga honi mfululizo mpaka ng'ombe wa Hauschildt wakaruka mtaro. Nikasema moyoni, huyu bwana anayapenda maji kupita kiasi.

Tangu hapo sielewi kitu. Jana kanisani mama wa baa, yule Bi. Ehlers, alinikumbatia akalia. Mtu wa maziwa amenivulia kofia, yeye ambaye hata Krismasi haivui. Mchungaji Petersen akaniuliza nafikiria mwezi gani. Nikamwambia mwezi wa sita, ukungu ukishaisha, maana nilidhani anauliza lini nitapaka daraja rangi. Akafurahi mno, akasema atanitengea siku nzuri.

Na Jasper mwenyewe aliporudi na matofali alinirushia kifurushi. Ndani mna mkunga wa kukaushwa kwa moshi, mrefu kama mkono wangu, amefungwa utepe mweupe shingoni. Utepe, Wiebke! Samaki!

Labda mimi ndiye nimeanza kuzeeka vibaya. Niandikie.

Dada yako,
Telse


Hamburg, 2 Mei 1957

Dada Telse,

Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa dukani. Wateja wamesahau mikate waliyoifuata, na Otto ameunguza sinia zima la biskuti kwa kucheka.

Hebu niambie, hayo masikio Mungu alikupa ya kutundikia hereni tu? Umeposwa! Hakuuliza "yatakubali". Ameuliza "utakubali?" Na wewe ukamjibu, mbele ya ng'ombe na watu, kwamba utakubali ila asikawie! Jasper Kröger anaupita mto huo tangu vita viishe. Akuulize wewe habari za maji? Yeye ndiye anayewaambia wenzake maji yako wapi!

Kijiji kizima kinajua umechumbiwa isipokuwa mchumba. Na mchungaji umeshampa mwezi. Nikifikiria hapo nashindwa hata kushika kalamu.

Sasa nikuulize mimi, huku hakuna upepo. Unamtaka? Usiniambie hujawahi kuwaza. Kila barua yako tangu nije huku ina Jasper ndani yake. Jasper ana kikohozi. Jasper amenunua kofia mbaya. Jasper amenenepa kidogo na amependeza. Mtu wa maziwa anakuja mlangoni kwako kila siku, na mimi mpaka leo sijui hata ana macho ya rangi gani.

Mkunga wako amependeza kwa utepe. Mkunga wangu mimi nimeshamwona hospitali: mwanamke mnene, mikono baridi, hana utepe wala tabasamu.

Mwandikie mtu wa watu kabla hajanunua pete.

Wiebke


Glückstadt, 3 Mei 1957

Kwa Bi. Telse Wittmaack,
Mlinzi wa Daraja, Hollerwisch

Mpendwa Bi. Telse,

Sijui kama sasa naruhusiwa kuandika Telse peke yake, kwa hiyo nimeandika yote.

Mimi si mtu wa maneno. Miaka yote hii nikiikaribia ile kona yenye miti ya mierebi huwa nimeshapanga la kusema. Halafu wewe unafungua, mimi napita, unafunga, na nimebaki nalo. Daraja lako hufunguka haraka kuliko mdomo wangu. Ijumaa nilijiambia, Jasper, leo ukipita kimya uza chombo ukafuge kuku. Ndipo nikapiga kelele vile. Nisamehe kama niliuliza kwa sauti kama mtu anayeuza samaki.

Ulivyonijibu sitasahau. Umesema nisikawie, na mimi sikawii. Pete nimeinunua. Kibanda cha ndani nimekisugua. Mzee Matthies, msaidizi wangu, amekubali kuhamia mbele anakolala na kamba zake. Nimekutengenezea rafu, ni yako peke yako, na nimepigilia msumari mzuri wa koti. Jiko linatoa moshi ila dirisha linafunguka. Ukizoea kutikisika utalala vizuri kuliko nchi kavu. Daraja nadhani halmashauri watampa mtu mwingine, kazi yenyewe si ngumu sana.

Nitapita wiki ijayo na makaa.

Wako kwa heshima na furaha kubwa,
Jasper Kröger


Hollerwisch, 6 Mei 1957

Nahodha Kröger,

Naandika barua hii kwa uso unaoungua kwa aibu, na ninaomba uisome ukiwa umekaa.

Ijumaa ile upepo ulitufanyia mzaha. Sikusikia ulichouliza. Nilidhani unauliza kama maji ya juu yatakubali, nikakujibu habari za maji. Nimejua maana ya kofia, honi na mkunga juzi tu, na aliyenijulisha ni mdogo wangu aliye Hamburg. Nimekaa nikiwaza jinsi ulivyofurahi, na nimeona ni dhambi kukuacha ufurahie jambo ambalo halikusemwa.

Hilo ni moja. La pili ni la rafu.

Nahodha, rafu moja! Na msumari! Baba yangu alilizungusha daraja hili mpaka mgongo wake ukakataa, nikaupokea mtaimbo kwake nikiwa bado nasuka nywele mikia miwili. Vitani wanaume walipoondoka, na yule niliyekuwa namngoja asirudi, ni daraja hili lililonitoa kitandani kila asubuhi, kwa sababu kuna mtu anapiga honi na lazima nitoke. Kisha wewe unaniandikia kwamba atapewa mtu mwingine na kazi si ngumu. Njoo uuzungushe mtaimbo siku ya barafu, halafu uniambie.

Nakuomba mambo haya yasifike baa.

T. Wittmaack


Glückstadt, 10 Mei 1957

Bi. Wittmaack,

Nimesoma nikiwa nimekaa. Nimeelewa. Niwie radhi kwa usumbufu.

Mkunga usimrudishe.

J. Kröger


Hollerwisch, 27 Mei 1957

Wiebke,

Unauliza habari za Jasper. Hakuna habari. Makaa sasa yanaletwa na kijana mmoja kutoka Elmshorn, chombo chake kina rangi nyekundu kama toroli la watoto, na ananiita "mama". Akipita anatazama mbele tu. Sijui anakula nini, sijui ana kikohozi au hana, na sitaki kujua.

Kijijini wamebadilika tena. Sasa wananiletea supu kama mfiwa. Bi. Ehlers ameniletea hata chupa ya pombe kali, akaniambia, "Kunywa kidogo kidogo, mwanangu, wanaume wa majini ndivyo walivyo." Nikamwambia mwanamume hana kosa. Akasema, "Ona anavyomtetea!" akalia tena.

Nilimwambia ukweli tu, Wiebke. Nilisema sikusikia. Sikusema simtaki. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mtu mwenye akili aliyesomea cheti cha unahodha angepaswa kuyatenganisha.

Mtu wa maziwa ana macho ya kahawia. Nimekuandikia ili usiseme.

Telse


Hamburg, 30 Mei 1957

Dada,

Hayo mambo mawili tofauti mwandikie yeye, siyo mimi!

W.


Hollerwisch, 5 Juni 1957

Wiebke,

Nilikuwa nimeanza kumwandikia. Kweli nilikuwa nimeanza, karatasi bado iko mezani imeandikwa "Nahodha Kröger" na hakuna kingine. Lakini leo amekuja mwenyewe, na kwa kishindo.

Asubuhi nilisikia honi kwenye kona ya mierebi, nikaijua. Moyo wangu ulifanya mambo ambayo moyo wa mwanamke wa umri wangu haustahili kufanya. Nikatoka, nikashusha kizuizi cha barabara, nikazungusha daraja mpaka likawa wazi kabisa, nikasimama pale katikati juu ya nguzo nimeshika mtaimbo na kujifanya naangalia mawingu. Maji yametulia, upepo hakuna hata wa kutikisa jani.

Chombo kikaja kimekaa upande. Nikadhani anajipanga. Hakujipanga. Nikatazama usukani, Wiebke, hapana mtu! Nikapiga kelele, "Jasper! Shika usukani!" Akachomoza kutoka kibandani kama panya aliyemwagiwa maji, akaurukia, lakini wapi. Pua ya chombo ikaingia kwenye ncha ya daraja, GWAA, daraja likaruka kwenye kiti chake, na mimi nikakaa chini bila kupenda.

Sijaumia, ila nitakula nimesimama kwa muda.

Sasa ndivyo tulivyo: daraja limekwama wazi limeinama kama kofia ya mlevi, na chombo kimebanwa kati yake na ukingo wa upande wangu, hatua chache tu kutoka dirisha la jiko. Hakiwezi kutolewa, maana kikitolewa daraja litaporomoka mtoni. Mimi nilitolewa pale katikati na Hauschildt kwa mtumbwi wake wa kuvulia, naye aliniuliza njia nzima kama hizi ndizo posa za kisasa.

Jasper ameomba radhi kwa mwenyekiti wa kijiji. Ameomba radhi kwa watu wa Nordende, ng'ambo, ambao maziwa yao hayawezi kuvuka. Ameomba radhi hata kwa ng'ombe, nimemsikia. Mimi hajanitazama machoni. Na mimi nimeapa sitamsemesha mpaka anisemeshe yeye.

Pentekoste ni Jumapili hii, na kanisa liko upande huu na nusu ya waumini upande ule.

Telse


Alhamisi, 6 Juni, asubuhi

Nahodha Kröger,

Kamba hii niliyomtupia Matthies ni ya kuanikia nguo, na ndoo ni ya kuoshea ngazi, lakini kwa leo ni posta. Ndani kuna kahawa na mkate wenye soseji. Haimaanishi chochote. Matthies ni mzee, hawezi kukaa na njaa kwa makosa ya mtu mwingine.

T. Wittmaack


Alhamisi, mchana

Bi. Wittmaack,

Kahawa imefika. Matthies amekunywa yote na kusema ni nzuri. Kuhusu ajali, nimekwisha mweleza mwenyekiti kwamba mkondo ulinivuta.

J. Kröger


Alhamisi, jioni

Mkondo gani? Maji yalitulia kama supu kwenye sahani.

T. W.


Alhamisi, jioni

Mkondo wa chini.

J. K.


Ijumaa, 7 Juni

Nahodha,

Leo Matthies nimemvusha kwa ubao, amekula supu ya njegere hapa jikoni. Matthies akishiba huongea, na kwa kuwa hasikii vizuri huongea kwa sauti, kwa hiyo amesikika mpaka Nordende. Anasema mkondo ule ulikuwa tai. Anasema uliachia usukani ukaingia ndani kuvaa tai, ukashindwa kuifunga, ukaivua, ukaanza upya.

Tai ya nini, na shehena ya makaa ya mawe?

T. W.


Ijumaa, baadaye kidogo

Matthies ni kiziwi na si wa kuaminika.

J. K.


Ijumaa, baadaye zaidi

Bi. Telse,

Ni kweli. Ilikuwa tai. Nilitaka nipite mbele yako nionekane mtu ambaye hajaumia. Nilifikiri mtu aliyevaa tai haonekani ameumia. Sijaivaa tangu mazishi ya mama na nimesahau inavyofungwa.

Nimekuvunjia daraja kwa ajili ya upuuzi. Watu wote nimewaomba radhi isipokuwa wewe, kwa sababu kwao neno "samahani" linatosha, na kwako halitoshi, na sikupata lingine.

Jasper Kröger


Ijumaa, magharibi

Itie hiyo tai ndooni.

T. W.


Jumamosi, 8 Juni

Nahodha,

Tai yako hii hapa. Nimeifua makaa yakatoka, nimeipiga pasi. Fundo ulilofunga ni la kufungia ng'ombe.

Na jambo moja, nalo ulisome ukiwa umekaa. Katika barua yangu ya mwezi uliopita niliandika kwamba sikusikia. Isome tena. Hakuna mahali nilipoandika kwamba sitaki.

Telse W.


Hollerwisch, 12 Juni 1957

Mdogo wangu,

Kwa kifupi, maana nimechoka mpaka nywele.

Pentekoste ilipita. Mchungaji alihubiri upande huu, kisha akavushwa kwa mtumbwi akahubiri upande ule, na watu wa Nordende wanasema mahubiri yao yalikuwa marefu zaidi, wanajivuna. Jumatatu baraza likakaa baani. Mwenyekiti akasimama akasema daraja hili ni kuukuu, lilijengwa enzi za babu zetu, sasa limevunjika, Mungu ametuonyesha njia: liondolewe, tujengewe la zege lisilogeuka. Mtu wa maziwa akapiga makofi. (Macho ya kahawia. Sitayasahau.) Mimi nilikaa nimeshika glasi nikahisi kama wananizungumzia mimi nife lini.

Jasper akainuka. Amevaa tai, Wiebke, imefungwa vizuri. Akasema, "Aliyelivunja ni mimi, si uzee wake. Kabla hamjalizika, nipeni nafasi nilitengeneze. Nikishindwa, chukueni zege lenu, na mimi sitakanyaga tena mto huu." Kisha Bi. Ehlers akasema kwa sauti, "Na daraja la zege likija, nani atasimama hapa kungoja lifungwe na kunywa bia yangu?" Hapo ndipo wanaume walipoanza kufikiri kwa makini. Wamekubali mwezi mmoja, kwa sharti mkaguzi wa wilaya aridhike.

Mkaguzi amekuja leo, Injinia Lüdemann, kijana mwembamba, nywele zimechanwa na maji. Nilijiandaa kumchukia. Akavua viatu, akakunja suruali, akaingia kwenye matope mpaka kiunoni, akatoka anacheka. Amesema mihimili iko sawasawa, chuma cha zamani hakina mchezo. Kilichovunjika ni bushi ya shaba iliyo katikati, ile ambayo daraja linaizungukia, na magurudumu madogo ya chini. Akatuchorea jinsi ya kulibeba kwa jeki kwanza ili chombo kitoke salama, akamchorea na mhunzi bushi mpya. Mimi nisingejua hata pa kuanzia. Kabla ya kuondoka ameomba siku likipona aje alizungushe yeye mara moja. Nikamwambia atapanga foleni.

Chombo kimetolewa mchana huu. Sasa kimefungwa ng'ambo, kwenye gati ya Nordende, na Jasper atakuwa anavuka kwa mtumbwi kila asubuhi kuja kazini. Tangu jana anafanya kazi na mhunzi kuanzia jua linapotoka. Hatuzungumzi sana. Ananiambia "shika hapa", mimi namwambia "siyo hivyo". Ni mazungumzo mazuri kuliko yote niliyowahi kuwa nayo.

Kuhusu yale mambo mawili tofauti, nimeshamwandikia. Hajajibu.

Telse


Gati ya Nordende, 29 Juni 1957

Mpendwa Telse,

Safari hii nimeandika jina peke yake. Ukikasirika nitarudisha mengine.

Barua hii nampa mtu wa maziwa akuletee, kwa sababu leo asubuhi ulipouchomeka mtaimbo na daraja likageuka lote, bila kukwama wala kulia, nikakuona umefunika uso kwa aproni, nilijua nikibaki pale nitasema kitu mbele ya injinia. Nikaingia kwenye mtumbwi nikakimbia. Jambo lenyewe nataka niliseme polepole.

Nilijibu "nimeelewa" na sikuwa nimeelewa. Nilisoma yale ya kwanza, nikafika kwenye neno "sikusikia", nikaona giza. Ya pili, ya rafu, nimeyaelewa mwezi huu, nimelala chali kwenye matope chini ya daraja lako na grisi inanidondokea jichoni. Umenitazama nikiuzungusha mtaimbo ule jana wakati wa majaribio. Uliona nilivyohema. Nilikuandikia kwamba kazi si ngumu sana. Hilo nalifuta.

Sikuombi uje chomboni. Rafu nimeing'oa, Matthies amerudi mahali pake na anakoroma. Naomba mimi nije kwako. Nitaendelea kubeba makaa na matofali, maana hiyo ndiyo kazi niijuayo, na kila maji yatakaponirudisha nitafunga kamba chini ya dirisha la jiko lako. Wakati wa barafu, mto ukifungwa, nitakaa nyumbani, na nitajifunza mtaimbo. Ukikataa, nitapita na kukusalimu vizuri kama zamani, nisije nikagonga tena.

Utakubali, Telse?

Jasper


Hollerwisch, 29 Juni, mchana

Jasper,

Jibu langu sitampa mtu wa maziwa.

Daraja nimelifunga tangu saa tano, kizuizi kiko juu, linapitika. Njoo kwa miguu.

Telse


Hollerwisch, 2 Septemba 1957

Wiebke wangu,

Hongera, hongera, hongera! Simu ya maandishi ya Otto ilifika Jumamosi asubuhi, mimi nikiwa nimevaa gauni nusu. Msichana! Na mwenye nywele! Bi. Ehlers alilia, bila shaka. Nilisikitika kwamba hukuwepo, lakini ukiwa na sababu kama hiyo umesamehewa, na mkunga wako mwenye mikono baridi mpe salamu zangu.

Sasa kaa, mlaze mtoto, nikusimulie.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wapi ndoa ifungwe. Watu wa hapa wanasema bibi harusi ni wao. Nordende wanasema bwana harusi alikaa gatini kwao mwezi mzima akila viazi vyao, kwa hiyo ni wao. Walitukanana vizuri kabisa kwa wiki mbili, kila upande umeoka keki. Mwishowe Mchungaji Petersen akasema, "Basi, nitawafungisha katikati ya daraja, na atakayelalamika aje alalamikie majini."

Ndivyo ilivyokuwa. Watu wakajazana darajani kutoka pande zote mbili, meza za keki zimewekwa juu ya mbao, mpiga kodiani amekaa kwenye pipa la grisi, Injinia Lüdemann amekuja na mkewe. Jasper tai yake imekaa sawasawa, nilimfungia mwenyewe. Gauni langu lile la kijivu umelishona vizuri, limenibana kidogo tu kwenye mikono, na hilo si kosa lako, ni la mtaimbo.

Mchungaji akaanza. Akanigeukia, akauliza swali lake lote refu, kwa shida na kwa raha, afya na maradhi. Nikavuta pumzi nijibu.

Honi!

Kwenye kona ya mierebi kuna chombo. Si chetu, ni cha Mholanzi mmoja mgeni kabisa, amebeba mbegu za viazi, na maji yameshaanza kupwa. Akikosa kupita sasa anakaa matopeni mpaka kesho. Watu wote wakanitazama. Mwenyekiti akasema, "Mwache angoje, leo ni siku yako." Nikamtazama Jasper. Yeye alikuwa ameshavua koti.

Nikawaambia, "Hakuna mtu kushuka, hakuna muda! Shikilieni keki!" Nikakunja mikono ya gauni, nikauchomeka mtaimbo, Jasper akashika upande wa pili, tukainama. Wiebke, lilikuwa na uzito wa vijiji viwili! Injinia akaja akasukuma, mhunzi akaja, Matthies akaja akasukuma kinyume mpaka alipogeuzwa. Na daraja likaanza kwenda. Harusi nzima ikaachana na nchi kavu, ikaelea juu ya mto taratibu, wanawake wanapiga mayowe na kucheka, mchungaji ameshika kofia kwa mkono mmoja na Biblia kwa mwingine, mpiga kodiani akaona heri apige tu, na watu wakaimba huku nyumba, tuta na ng'ombe vinatuzunguka.

Mholanzi akapita ubavuni mwetu polepole, mdomo wazi. Akauliza hii ni sherehe ya nini. Watu wote wakamjibu kwa pamoja, hakuelewa neno hata moja, lakini alipewa kipande cha keki ya kila upande, na akasema zote nzuri. Mwanasiasa.

Hatukulirudisha mara moja. Tulikuwa tumechoka, jua lilikuwa zuri, na hakuna aliyeweza kuondoka. Nikawa nimesimama pale juu ya nguzo, grisi mpaka viwikoni, nywele zimeshuka, mto unapita pande zote mbili. Mchungaji akafungua kitabu chake, akatafuta mahali, hakupaona. "Samahani," akasema, "tulikuwa tumefika wapi?"

Jasper hakungoja kuulizwa. Akanishika ule mkono wenye grisi nyingi zaidi, akasema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayezungumza na mtu aliye karibu yake, "Tumefika nyumbani, Mchungaji. Endelea tu."

Dada yako,
Telse Kröger